Miaka minne unachagua punje kubwa na maharage yako palepale, sababu ni hii

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kibosho, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Nalima maharage ya Lyamungo huku shamba la chini, nachanganya na mahindi. Mwaka wa nne sasa kila nikivuna nakaa na ungo nachagua punje kubwa kubwa tupu ndo naziweka mbegu. Msimu huu nimepima, hayajaongezeka hata kidogo, na yale madoa ya kwenye majani yako palepale. Kijana wangu yuko chuo ananiambia nyie mnasoma DNA mnajua kila sifa imekaa wapi. Mnajuaje? Na kama mnajua mbona hamtupi maharage makubwa yasiyougua? Au nilete punje zangu mnipimie?"

Marahaba dada yangu. Nimecheka kidogo niliposoma, sio kukucheka wewe, ni kwamba hicho ulichofanya na ungo wako kuna mzungu alishakifanya zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa maharage haya haya, akapata jibu hilo hilo ulilopata wewe, na ndo huyo huyo aliyetupa hata neno jeni, yaani kile kinachobeba sifa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Aliitwa Wilhelm Johannsen, mtu wa Denmark. Chuo kikuu hakusoma, alianza kama kijana wa kujifunza kazi kwenye duka la dawa, baadaye akaingia maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Alichukua maharage ya aina moja yanaitwa Princess, akatenga mche mmoja mmoja, kila mche na watoto wake peke yao, akapata koo 19. Halafu ndani ya ukoo mmoja akawa anachagua punje kubwa kabisa anapanda huku, na punje ndogo kabisa anapanda kule, kizazi baada ya kizazi, vizazi sita. Unajua alipata nini? Watoto wa punje kubwa na watoto wa punje ndogo wakatoka na wastani ule ule. Lakini alipolinganisha ukoo na ukoo, tofauti ikawepo na ikabaki vile vile kila mwaka. Matokeo ya kwanza aliyachapisha 1903, na 1909 ndo akaja na neno jeni.

Kwa nini iwe hivyo? Fanya hivi, nenda shambani chukua ganda moja lililokauka, lipasue taratibu usizimwage punje, ziache zikae zilivyokaa. Utakuta kwa mfano tano. Ile ya kwenye ncha imebanwa, ndogo. Ile ya upande wa kikonyo nayo mara nyingi si kubwa. Za katikati ndo zimenenepa. Sasa hizo tano zote ni mama mmoja baba mmoja, tena mama na baba ni ua lile lile, maana ua la harage linajioa lenyewe kabla hata halijafunguka vizuri, nyuki akija anakuta harusi imeshaisha. Kwa hiyo ukizimwaga kwenye ungo ukachukua kubwa, ulichochagua ni kiti, yaani punje ilikaa siti gani kwenye ganda. Na ile mche uliokaa pale maji ya mvua yanapotuama, au pale mlipochomea mabua mwaka jana, nayo inazaa punje nene lakini kinachonenepesha ni udongo, na udongo haurithiwi, mtoto ukimpanda kwingine anarudi kuwa kama ndugu zake.

Mbegu ya Lyamungo uliyonunua ikiwa safi ni kama ukoo mmoja wa Johannsen. Miche yote karibu inafanana jeni. Unaweza kuchagua mpaka wajukuu waje, hamna cha kuchagua. Kuchagua kunafanya kazi pale tu ambapo miche inatofautiana kwa asili yake, pasipo na tofauti ni kazi bure.

Ila usije ukaitupa ungo yako. Punje kubwa iliyojaa inaota vizuri na mche unaanza na nguvu, na ukitoa zenye madoa na zilizosinyaa unapunguza magonjwa yanayosafiri ndani ya mbegu. Hiyo ni faida ya kweli, ila ni faida ya msimu mmoja, haijumlishwi mwaka hadi mwaka kama riba ya VICOBA.

Ingekuwa umenunua maharage mchanganyiko pale Kiboriloni, yale ya debe unakuta na ya bendera na mekundu na ya njano humo humo, hapo ungo ingekupa kitu mwaka wa kwanza na wa pili, kwa sababu ungekuwa unachagua koo. Ikifika wa tatu imebaki ukoo mmoja au miwili, basi, ngazi imeisha.

Haya, sasa hilo la mnajuaje sifa imekaa wapi. Hapa pia maharage ndo yalitangulia, watu wengi hawajui, wanadhani mambo haya yalianza na kompyuta. Mwaka 1923 Mmarekani mmoja, Karl Sax, alichanganya maharage yenye punje kubwa za rangi na maharage yenye punje ndogo nyeupe. Kwenye wajukuu akawa anapima uzito, halafu anauliza huyu mjukuu jeni ya rangi kaipata pande zote mbili, upande mmoja, au hana kabisa. Waliopata pande zote mbili punje 100 zilikuwa karibu gramu 31, waliopata upande mmoja 28, wasio nayo 26. Imeshuka kama ngazi.

Sasa jiulize, rangi inaongezaje uzito? Haiongezi. Maana yake ni kwamba kuna jeni ya uzito imekaa jirani na jeni ya rangi kwenye kromosomu moja, yaani uzi mmoja wa DNA unaobeba jeni nyingi zimepangana, na zinarithiwa pamoja. Rangi unaiona kwa macho, uzito wa asili huuoni kwa sababu umechanganyika na mbolea na mvua na siti ya kwenye ganda, kwa hiyo unatumia jirani anayeonekana kumfuatilia jirani asiyeonekana. Kazi yetu yote ya miaka mia ni hiyo, vifaa ndo vimebadilika.

Ujirani unapimwaje? Fikiria barabara ya kutoka Moshi mjini kwenda Himo. Kuna Kiboriloni, mbele huko Uchira, halafu Himo. Mvua ya masika ikiikata barabara sehemu moja na hujui ni wapi, je Uchira na Himo zitatenganishwa? Mara chache, ziko karibu. Mjini na Himo je? Mara nyingi, maana sehemu za kukatika ni nyingi katikati yao. Sasa kromosomu nazo zinakatika. Mche unapotengeneza chavua na mayai, kromosomu iliyotoka kwa mama na ile ya baba zinalala sambamba, zinakatika, zinabadilishana vipande. Jeni mbili zinazokaa karibu zinatenganishwa mara chache, za mbali mara nyingi. Ukihesabu kwenye watoto mia ni wangapi zimetengana, umepima umbali. Mwanafunzi mmoja wa Marekani, Alfred Sturtevant, ndo alishtukia hilo akiwa na data za inzi wa matunda, akakaa usiku mmoja akaacha na homuwek akachora ramani ya kwanza ya jeni duniani, ikachapishwa 1913. Mpaka leo umbali tunaupima hivyo, kipimo kinaitwa sentimogani kutokana na jina la mwalimu wake Morgan, na moja maana yake zinatengana mara moja katika mia.

Tofauti yetu na Sax ni kwamba yeye alikuwa na rangi tu, jirani mmoja. Sisi siku hizi tuna majirani maelfu, maana DNA ni herufi nne zimepangwa mstari mrefu, na kila pale ambapo mama ana herufi hii na baba ana nyingine, pale ni alama. Sisi maofisini tunaita maka. Hazifanyi chochote nyingi kati yao, ni kama mawe ya kilomita barabarani, kazi yake kukuambia uko wapi.

Sasa nikueleze kazi yenyewe maana kijana wako pengine anaona ni mashine unabonyeza inatema majibu. Sema nataka kujua kinga ya madoa iko wapi. Natafuta mzazi asiyeugua na mzazi anayeugua. Asubuhi mapema kabla jua halijawa kali naenda na kibano, nachukua ua ambalo lingefunguka kesho, nalifungua petali kwa ncha, ndani kuna kitu kimejikunja kama konokono, hapo ndo kuna sehemu za kiume, nazitoa zote bila kuumiza ya kike, napaka chavua ya mzazi mwingine, nafunga uzi na kakaratasi. Mkono ukitetemeka limeanguka. Mi kwenye maua kumi nikipata maganda matatu nilikuwa narudi nyumbani nimeridhika. Watoto nikawaacha wajioe, wajukuu wakajioa, kila kizazi nachukua punje moja tu kwa kila mche, mpaka kizazi cha sita au saba. Kwa nini? Kwa sababu kila kizazi cha kujioa uchotara unapungua nusu, wa pili 50%, wa tatu 25%, ukifika wa sita umebaki kama 3%, hapo kila mstari umetulia, leo ukiupanda na mwakani ukiupanda ni ule ule. Ukiwa na mistari 150 au 200 ya namna hiyo umepata kitu cha kufanyia kazi. Piga hesabu, masika na vuli, tayari miaka mitatu imekwenda na hujapima hata jani moja.

Halafu jani linatobolewa kwa kitu kama panchi ya karatasi, vipande vinakaushwa vinakwenda maabara kusomwa maka. Shambani nako mistari yote inapandwa kwa marudio, ugonjwa unapewa maksi 1 mpaka 9, moja hauugui kabisa, tisa jani limekwisha. Ukimaliza unachukua maka ya kwanza, unagawa mistari mafungu mawili, waliochukua herufi ya mama na waliochukua ya baba, unauliza wastani wa ugonjwa unatofautiana? Hapana. Maka ya pili, hapana. Ya mia tatu, ndiyo, tena sana. Kompyuta inachora grafu, huku tambarare kama Boma Ng'ombe, halafu ghafla kilima. Pale kwenye kilima ndo jeni inakaa karibu. Wa zamani walikubaliana kilima kikifika kipimo cha 3 ndo unaamini, maana yake data zako zinaeleweka mara elfu moja vizuri zaidi ukisema kuna kitu pale kuliko ukisema hamna.

Na usidhani kilima ni msahafu. Mi mwenyewe nikiwa kijana, shamba moja la majaribio kwenye mteremko wa Meru, nilipata kilima kizuri ajabu cha urefu wa mche, nikaita na wenzangu waje waone. Mzee mmoja kibarua wa pale, alikuwa anafyeka pembeni, akauliza hivi nyie mnajua hapa palikuwa na zizi? Nikaenda kuangalia ramani ya kupandia, kumbe fungu lile la marudio nililipanda kwa kufuata namba, mistari 40 ya kwanza yote imekaa juu ya samadi ya miaka, na kwa bahati mbaya wengi wao wamechangia kipande kimoja cha kromosomu. Nilikuwa nachora ramani ya zizi la ng'ombe. Kosa langu kabisa, marudio yanachanganywa kwa bahati nasibu, kila mtu anajua, nilifanya uvivu. Tuliporudia msimu uliofuata kilima kikawa kichuguu.

Sasa swali lako zito, kama mnajua mbona hamtupi.

Kwanza, kujua mtaa sio kujua nyumba. Maharage yana kromosomu 11, DNA yake ilisomwa na kuchapishwa 2014, ni herufi kama milioni 587 na jeni kama 27,000. Kilima changu na mistari 200 kinaweza kukaa juu ya eneo la sentimogani kumi, na eneo kama hilo lina mamia ya jeni. Ni sawa na kukwambia mwizi wako anaishi Pasua. Sawa, nimefurahi, ila unaanza kugonga mlango upi?

Pili, hilo la makubwa yasiyougua. Hapa dada yangu ndo penyewe, nisikilize vizuri. Maharage yaligeuzwa kuwa zao mara mbili, sehemu mbili tofauti, kule Mexico na Amerika ya Kati, na kule kwenye milima ya Andes. Ya Andes ndo makubwa, Lyamungo yako iko ukoo huo, na mengi tunayopenda huku kwetu ya punje kubwa ni wa Andes. Ya Mexico ni madogo. Na ule ugonjwa wako, ngoja kwanza tuhakikishe, geuza jani uangalie chini, kama doa lina kona kona limekatwa na mishipa ya jani na chini yake kuna vinywele vya kijivu vyeusi vyeusi, hayo ni madoa pembe, ni fangasi. Huyo fangasi naye ana makabila mawili yaliyokua pamoja na haya maharage, kuna lililozoea ya Andes na kuna lililozoea ya Mexico. La Andes linasumbua zaidi maharage makubwa, madogo mengi yanalihimili. Kwa hiyo kinga nzuri mara nyingi unaikuta kwenye punje ndogo. Mfano kuna harage linaitwa Mexico 54, kinga yake imekaa kromosomu ya 8, hiyo inajulikana na imetumika sana huku Afrika.

Unaona tatizo linapoanzia? Nikichanganya Mexico 54 na Lyamungo napata kinga pamoja na udogo. Udogo uko umetapakaa kwenye kromosomu nyingi, na kipande kingine kimekaa jirani kabisa na kinga kinavutwa nayo, kama unaalika mgeni mmoja kwenye sherehe anakuja na shemeji zake. Tena wakati mwingine hizi koo mbili zikioana watoto hawakui kabisa, wanatoka vibeti, majani ya njano, mizizi imedumaa, kwa sababu kuna jeni mbili, moja ya huku moja ya kule, kila moja peke yake haina shida ila zikikutana zinagombana. Nimeshamwagilia vibeti vya namna hiyo mwezi mzima nikidhani ni mbolea.

Dawa ni kurudisha. Chotara unamuoza tena kwa Lyamungo, mtoto anakuwa Lyamungo 75%, unarudisha tena 87.5%, tena karibu 94%. Ila kila mara uhakikishe kinga bado imo. Zamani ungesubiri mpaka ugonjwa uje, na mwaka wa jua kali ugonjwa hauji, umepoteza msimu. Hapa ndo ramani inalipa gharama zake zote. Mche una wiki mbili, unatoboa jani, unasoma zile maka za kromosomu ya 8, kinga imo, baki, haimo, ng'oa. Na wale waliobaki unawaangalia nani kakatika karibu kabisa na ile kinga akawaacha shemeji nyuma.

Kuna mahali ambapo bila maka ni kama kutembea gizani. Chukua virusi vya batobato. Kuna jeni inaitwa I, kinga kali sana, ilitumika dunia nzima. Ila huku Afrika Mashariki tuna aina ya kirusi kingine kinachokaa hata kwenye mikunde ya porini, na mche wenye I ukikutana nacho unajiua wenyewe, mishipa inageuka myeusi kuanzia juu mpaka mizizi, mche mzima unakufa. Mkulima anaona maharage yake yamekauka anadhani ni dawa ya jirani. Kinachosaidia ni jeni nyingine inaitwa bc-3, lakini hiyo mpaka irithiwe pande zote mbili ndo inaonekana, upande mmoja inajificha. Sasa ukiwa unarudisha kwa Lyamungo, mtoto aliyeipata anayo upande mmoja tu, haionekani hata umwambukize vipi, jicho halikusaidii. Maka inaiona. Hapo ndo ile hela ya maabara inakuwa na maana.

Tatu, vitu kama mavuno, na ukubwa wenyewe, haviko jeni moja. Ni nyingi, kila moja inaongeza kidogo. Tena ukiwa na mistari michache, mia hivi, zile ndogo huzioni na zile chache unazoziona zinaonekana kubwa kuliko zilivyo, ni kama kupima mzigo kwenye mzani wa sokoni unaoruka ruka ukaandika ile namba iliyokufurahisha. Mwambie kijana wako kwa sifa za hivyo siku hizi wengi tumeacha kutafuta nyumba moja moja, tunachukua maka zote kwa mpigo tunazipa uzito kisha tunatabiri mche utafanyaje, wazo hilo liliandikwa 2001 na watu wa mifugo, sisi wa mimea tukalidandia. Atalisoma, ni hesabu nyingi.

Na nne, wewe mwenyewe. Ndiyo wewe. Tulikuwa na mstari mmoja safi kabisa, hauugui, unazaa, tukapeleka kwa akina mama waonje na waangalie. Mama mmoja muuzaji akaweka punje kiganjani akazigeuza mara mbili akasema hii rangi ya kahawia hainunuliki, mteja atadhani ya zamani. Akarudisha. Miaka mingi ya kazi imeishia kiganjani kwake, na hakukosea, yeye ndo anajua soko. Rangi, kuiva haraka, mchuzi mzito, vyote ni sifa, vyote vina jeni, na vyote lazima virudi sawa sawa kabla sijakuletea.

Ili ujue muda wenyewe, angalia mpunga. Kuna jeni ya kuvumilia mafuriko inaitwa Sub1. Ilijulikana iko kromosomu ya 9 mwaka 1996, jeni yenyewe ikajulikana 2006, na mpunga wa India unaopendwa, Swarna, ukapewa hiyo jeni kwa maka ukaruhusiwa kwa wakulima 2009. Miaka 13 kutoka ramani mpaka shambani, na hiyo ilikuwa jeni moja yenye nguvu na watu wengi wenye hela. Hapo kwenu mnajua kahawa, zile za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, zisizopata ugonjwa wa chulebuni, mche wa kahawa unasubiri miaka mpaka uzae ndo uone buni, sisi wa maharage tuna bahati tunavuna ndani ya miezi mitatu.

Sasa hilo la kuleta punje nikupimie. Usije, hela yako kaa nayo. Maka sio ramli. Ikisomwa punje yako moja itaniambia ni Lyamungo, kitu ambacho unakijua. Nitajua haina ile kinga ya Mexico 54, nacho tunakijua kwa kuangalia majani yako.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Mbegu yako imeshachoka, sio jeni, imebeba magonjwa miaka minne, nunua mpya iliyothibitishwa au ile ya daraja la kuazimiwa inayozalishwa vijijini, cheki lebo ya TOSCI, ile taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Masalia ya maharage usiyaache shambani maana fangasi wa madoa pembe anakaa humo akisubiri mvua, na shamba lile lile usipande maharage mfululizo. Asubuhi kukiwa na umande usipite katikati ya maharage kupalilia, unabeba fangasi kwenye gauni unawasambaza mstari kwa mstari.

Na ule mkono wako wa kuchagua, maana naona unaupenda, uhamishie kwenye mchanganyiko. Chukua kilo mbili za maharage ya zamani ya kienyeji, yale ya bibi, yaliyochanganyika rangi. Panda. Kabla ya kuvuna, yakiwa bado na majani, pita na kamba za mgomba ufunge miche 20 unayoipenda, iliyoko katikati ya shamba, sio ya pembeni wala ya karibu na samadi. Kila mche vuna peke yake, weka kwenye kikopo chake, andika namba. Msimu unaofuata kila kikopo mstari wake, na panda sehemu mbili, huku chini na kule juu kihambani, shamba la nyumbani, kwa mpangilio tofauti, usifuate namba, umeshasikia habari za zizi. Hapo usiangalie punje moja moja tena, angalia mstari. Mstari uliofanya vizuri sehemu zote mbili ndo wa kuendeleza, na ndani yake usihangaike kuchagua tena.

Na ikitokea kwenye hiyo mistari 20, siku wengine wote majani yameshapukutika kwa madoa, kuna mmoja bado una kijani mpaka chini, huo usiuchanganye na mingine, wala usiupike. Niandikie siku hiyo hiyo, na mi nitapanda gari kuja Kibosho.